Maji Membamba Nayo Huua: Tahadhari kwa Wasiozoea Vyombo

WENGI wetu tukisikia kwamba mtu amekufa maji, mawazo yetu hukimbilia bahari kuu, penye mawimbi ya kutisha na upepo wa kung'oa mlingoti. Ni nadra kumfikiria mtu aliyezama katika mlango mwembamba wa maji, mahali ambapo mchuuzi wa samaki anaonekana ng'ambo ya pili na ukimwita atakuitika. Lakini maji hayo membamba, yanayoonekana mapole kama ya bwawa, yamewatia taabani watu wengi wasiozoea vyombo.

Ushahidi tunao hapa kwetu. Mnamo Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka katika maji ya Kilindini, Mombasa, hatua chache tu kutoka gatini. Watu 272 walipoteza maisha yao. Chombo kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi, na nchi kavu ilikuwa ikionekana kwa macho.

Katika kiwango cha dunia nzima, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji katika mwaka wa 2021. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wa nchi zenye mapato ya chini na ya kadiri, kama yetu. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliitenga Julai 25 kuwa siku ya kuhamasisha watu juu ya kuzuia vifo hivi. Jambo la kutia moyo ni kwamba vingi vinaweza kuzuiwa, na bila gharama kubwa.

Maji membamba ni mengi nchini. Kuna hori za Tudor, Mtwapa, Kilifi na Mida. Kuna Mkanda, ule mkondo unaopita kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao mabaharia wa Lamu huutumia kama njia ya mkato ya kwenda Pate. Upo hata mfereji uliochimbwa kwa mikono ya watu, ule wa Belazoni, wa karne ya 19, uliowapa wenye mitumbwi njia kati ya mto Tana na mto Ozi. Baadaye mto Tana wenyewe uliifuata njia hiyo na kumwaga maji yake baharini huko Kipini.

Mwenyeji wa sehemu hizo amekua akiyatazama maji hayo. Anajua fungu la mchanga liko wapi na mkondo unakaza saa ngapi. Mgeni hajui, na mara nyingi hajui kwamba hajui. Makala haya ni yako wewe msomaji usiyelelewa majini: mwalimu uliyehamishiwa Lamu, mzazi unayewapeleka watoto pwani wakati wa likizo ya Desemba, au kijana uliyechangisha pesa na rafiki zako mkakodi boti bila nahodha.

MKONDO HAUNGOJI MTU

Jambo la kwanza la kuelewa ni kujaa na kupwa. Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni muda wa saa sita na dakika kadhaa, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Kwa hivyo ratiba ya jana haifai leo.

Wakati wa bamvua, yaani karibu na siku ambazo mwezi huandama au huwa mpevu, tofauti ya kimo kati ya maji makuu na maji madogo huweza kuzidi mita 3. Sasa fikiria maji yote hayo, yaliyojaza hori nzima pamoja na mikoko yake, yakilazimika kutoka kupitia mlango mmoja mwembamba. Hayatoki kwa kasi moja. Katika saa ya kwanza tangu yaanze kupwa, huondoka kidogo tu. Kisha kasi huzidi, na katika saa ya tatu na ya nne pekee hupita karibu nusu ya maji yote.

Hapo ndipo mgeni hunaswa. Anaondoka maji yakiwa yamesimama, anapiga kafi bila jasho, anafurahia ndege na kivuli cha mikoko. Baada ya saa mbili anageuza chombo ili arudi. Mkondo umekaza, mikono imechoka, na kila kafi moja mbele ni hatua mbili nyuma. Upepo nao ukivuma kinyume cha mkondo, mawimbi mafupi huinuka ghafla na kuanza kumwaga maji ndani ya chombo.

Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kuondoka, muulize mvuvi au nahodha wa hapo maswali matatu: Maji yanajaa saa ngapi? Mkondo unakaza wapi? Upepo wa leo unatarajiwa kugeuka lini? Akikwambia ungoje, ngoja.

MAKOSA YA MGENI

Makosa yanayopindua vyombo vidogo ni yale yale kila mara. La kwanza ni kusimama. Mtumbwi au boti ndogo hutulia uzito ukiwa chini. Mtu mmoja akisimama ili apigwe picha, uzito hupanda juu na chombo huanza kuyumba. Wenzake nao wakiogopa, wote huegemea upande mmoja kwa pamoja, na mara hiyo chombo hupinduka.

La pili ni kujaza chombo. Usiridhike kwa sababu nafasi ya kukaa imepatikana. Tazama ukingo. Ikiwa maji yanakaribia ukingo wa chombo kingali kimefungwa gatini, wimbi la boti moja inayopita kasi litatosha kuwazamisha. Teremka, ungoje safari nyingine. Nauli uliyolipa haifiki bei ya jeneza.

La tatu ni pombe. Pombe humwondolea mtu hofu, huipotosha mizani ya mwili na kuilegeza mikono. Mtu aliyelewa akianguka majini anaweza asijue upande gani ni juu. Nahodha aliyelewa ni hatari zaidi kuliko dereva wa matatu aliyelewa, kwa kuwa matatu ikiharibika huwezi kuzama barabarani.

La nne linahusu injini. Anayeendesha boti ya injini anapaswa kujifunga kifundoni ile kamba ya kuzimia injini, ili akitupwa nje injini izime yenyewe. Boti isiyo na mtu huzunguka na kumrudia aliyeanguka, na mapanga ya injini hukata nyama na mfupa. Vile vile, zima injini kabisa kabla ya kumkaribia mtu aliye majini.

La tano, na ndilo kubwa kuliko yote, ni jaketi la kuokoa maisha kuwekwa chini ya kiti. Wapo wanaosema, "Nitalivaa mambo yakiharibika." Mambo yakiharibika hutakuwa na nafasi. Kulivaa jaketi ukiwa tayari majini, umeogopa na nguo zimelowa, ni kazi ngumu hata kwa baharia. Livae gatini na ufunge kamba zake zote. Mtoto avae la kimo chake, lenye mkanda unaopita kati ya miguu, kwa kuwa jaketi la mtu mzima humponyoka kichwani.

Mwenye ugonjwa wa kifafa asipande chombo bila jaketi hata kwa safari ya dakika tano, na mwenzake mmoja ajue hali yake. Kifafa kikimshika ndani ya maji, huwa hana uwezo wa kujiokoa hata kama ni mwogeleaji hodari.

CHOMBO KINAPOPWELEWA

Si kila tatizo la majini ni kuzama. Mgeni akipita njia isiyo yake wakati maji yanapwa, chombo hukaa juu ya mchanga au tope na maji humwacha hapo. Hili ndilo wenyeji huliita kupwelewa. Huenda ukakaa hapo saa nyingi mpaka maji yarudi, na jua likiwa utosini hapo huwa ni suala la afya.

Kwanza, usitoke ovyo. Tope la mikoko humeza mguu hadi pajani, na mtu anaweza kunaswa maji yakaja kumkuta. Chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko wana makali kama wembe. Katika mchanga laini hujificha samaki aina ya taa, ambaye mwiba wake una sumu. Ukilazimika kutembea, vaa viatu na uburute miguu polepole ili taa akusikie na kuondoka.

Aliyechomwa na taa atiwe mguu ndani ya maji ya moto, kiasi cha kuvumilika bila kumbabua, kwa muda wa dakika 30 hadi 90. Joto hupunguza maumivu. Asichanjwe wala kunyonywa jeraha. Apelekwe hospitalini, kwani vipande vya mwiba huweza kubaki ndani, na huenda akahitaji sindano ya pepopunda. Mwiba ukiwa umemchoma kifuani au tumboni, usiung'oe.

Pili, jua. Tengeneza kivuli kwa tanga, shuka au kanga. Kunywa maji kidogo kidogo hata kabla ya kiu kukuzidi. Dalili za kupungukiwa na maji mwilini ni kinywa kukauka, kichwa kuuma, kizunguzungu na mkojo wa rangi nzito. Mtu akianza kuchanganyikiwa au ngozi yake ikiwaka moto, mlaze kivulini, mloweshe mwili na kumpepea huku mkitafuta msaada.

Usiyanywe maji ya bahari hata kiu ikizidi. Figo huhitaji maji mengi zaidi kuitoa chumvi hiyo kuliko maji uliyoyanywa, na kwa hiyo kila funda huzidisha kiu na madhara.

CHOMBO KIKIPINDUKA

Mkipinduka, neno la kwanza ni: shika chombo. Chombo cha mbao kilichopinduka kwa kawaida huendelea kuelea, na huonekana kutoka mbali kuliko kichwa cha mtu. Wengi wameangamia kwa sababu waliiona nchi kavu karibu wakaiacha boti ili waogelee. Macho hudanganya juu ya maji. Masafa yanayoonekana kama ya uwanja wa mpira huweza kuwa maradufu, na mkondo haukuruhusu kwenda moja kwa moja.

Ikiwa chombo kimekuponyoka, usipambane na mkondo. Lala chali, tandaza mikono, inua kidevu, uache mwili uelee mpaka pumzi zako zitulie. Hofu ndiyo hukumaliza nguvu kwanza. Baada ya hapo sogea kwa mshazari kuelekea ukingoni, ukiuacha mkondo ukuchukue huku wewe ukikata upande.

Katika mto Tana na kandokando ya ziwa kama Naivasha kuna hatari nyingine. Viboko hulala katika maji yenye kina kifupi, na katika mto Tana wamo mamba. Usipitishe mtumbwi kati ya kiboko na maji yenye kina, kwani ndiko anakokimbilia anapotishika. Mahali hapo, msaada wa mwenyeji ni wa lazima.

MFA MAJI HUWEZA KUNYAMAZA

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Ni kweli kwa mtu mwenye nguvu ambaye bado anapata pumzi. Lakini madaktari wanajua kwamba wengi huzama kimya, hasa watoto. Mtu anayezama kinywa chake huingia na kutoka majini; akipata nafasi ya kuvuta pumzi hana nafasi ya kupiga kelele. Mikono huisukuma chini ili ainue kichwa, kwa hiyo hawezi kupunga. Kichwa huinama nyuma, nywele hufunika macho, na mwili husimama wima bila miguu kupiga. Aliye gatini anaweza kudhani kuwa anacheza. Mwite kwa jina lake. Asipojibu, chukua hatua papo hapo.

Hatua hiyo isiwe kujitosa. Anayetapatapa humkumbatia yeyote amfikiaye, na mara nyingi hupatikana maiti mbili badala ya moja. Fuata utaratibu huu: Mwite na umtulize kwa sauti. Mnyoshee upondo, kafi, tawi au hata kanga, wewe ukiwa umelala kifudifudi ili asikuvute. Ikiwa yuko mbali, mtupie kitu kinachoelea: jaketi, boya, au mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko, ikiwezekana ukiwa na kamba. Boti iwe ndiyo ya kumwendea. Kuogelea kumfuata ni kazi ya aliyefunzwa tu.

PUMZI KWANZA

Hapa ndipo penye jambo ambalo kila familia inafaa kulijua. Anayekufa maji hafi kwa sababu tumbo limejaa maji. Anakufa kwa kukosa hewa. Moyo husimama kwa sababu damu haina hewa safi, na ubongo huanza kuharibika katika dakika chache. Kwa hiyo tiba yake ni pumzi, na inapaswa kuanza pale pale ukingoni, kabla ya kutafuta gari.

Bado kuna watu wanaomning'iniza mtoto kichwa chini, kumzungusha au kumkamua tumbo ili "atapike maji". Acheni. Maji yanayoingia mapafuni kwa kawaida si mengi, na kukamua tumbo humfanya atapike chakula ambacho huingia mapafuni na kumziba kabisa. Dakika zinazopotea ndizo alizohitaji.

Fanya hivi:

1. Mlaze chali mahali pagumu palipo tambarare. Mtikise bega na kumwita. Mtu mwingine apige simu nambari 999 au 112.

2. Inamisha kichwa chake nyuma kidogo na kuinua kidevu ili koo lifunguke. Tazama kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Je, anapumua kama kawaida? Kutweta kwa nadra si kupumua.

3. Kama hapumui, mbane pua, funika kinywa chake kwa chako na umpulizie pumzi tano, kila moja kwa sekunde moja, mpaka uone kifua kikiinuka. Kwa mtoto mchanga, funika kinywa na pua pamoja.

4. Asipozinduka, weka viganja viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Bonyeza mara 30 kwa nguvu, kifua kibonyee sentimita 5 au zaidi kidogo, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mtoto hutumia kiganja kimoja na mchanga vidole viwili, kifua kikibonyea theluthi moja ya unene wake.

5. Mpulizie pumzi mbili, kisha ubonyeze tena mara 30. Endelea hivyo bila kusita. Mkiwa wawili, pokezaneni.

Povu likitoka kinywani, usipoteze wakati kulipangusa; endelea kupuliza. Akitapika, mgeuze ubavu, msafishe kinywa, kisha uendelee. Akianza kupumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa na umfunike. Hata katika maji ya pwani yenye uvuguvugu, mwili uliokaa humo kwa saa kadhaa hupoteza joto.

Usikate tamaa upesi. Endelea mpaka apumue, mpaka mhudumu wa afya afike, au mpaka nguvu zikuishie kabisa. Mafunzo ya kazi hii hutolewa na Shirika la Msalaba Mwekundu na pia St John Ambulance. Chama cha wavuvi, shule au kikundi cha akina mama kinaweza kuyaomba.

AKIZINDUKA, BADO HOSPITALI

Aliyezinduka hujisikia nafuu na kutaka kwenda nyumbani. Msimruhusu. Maji yaliyogusa mapafu huweza kuyafanya yavimbe saa kadhaa baadaye. Kila aliyepoteza fahamu, aliyepuliziwa pumzi, au anayeendelea kukohoa lazima aonwe na daktari siku hiyo hiyo na kuangaliwa kwa saa kadhaa. Dalili za hatari ni kikohozi kisichokoma, kupumua kwa haraka, povu kinywani, usingizi usio wa kawaida na midomo kubadilika rangi. Mtoto aliyeopolewa majini mchana akilala jioni kwa namna isiyo ya kawaida, usimwache alale, mpeleke hospitalini.

KABLA YA KUPANDA

Kabla hujaweka mguu chomboni, hakikisha yafuatayo: Kila abiria amevaa jaketi lililofungwa. Ukingo uko juu vya kutosha. Kuna kafi au upondo hata kama kuna injini, pamoja na ndoo ya kutolea maji na kamba ndefu. Kuna maji ya kunywa ya kuwatosha siku nzima. Simu ina chaji na imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mtu aliye nchi kavu anajua mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi, ili mkichelewa awaambie wenye boti waanze kuwatafuta.

La mwisho, chagueni mtu mmoja wa kutoa amri. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Akisema kaeni, kaeni. Na kama nahodha mwenyewe hana majaketi, amelewa, au anawapakia watu mpaka maji yanalamba ukingo, una haki ya kuteremka na kuwateremsha watoto wako. Fanya hivyo chombo kingali gatini, kwa maana kikishang'oa nanga hutakuwa na uchaguzi huo.